Kupima metabolaiti za damu ili kubaini saratani ya utumbo mpana na polipu: mwongozo kamili wa maabara

Saratani ya utumbo mpana na puru haiji ghafla. Mara nyingi huanzia kwenye polipu, kinyama kinachoota kwenye utando wa ndani wa utumbo, na kutoka adenoma ndogo (aina ya polipu inayoweza kugeuka saratani) hadi saratani hupita miaka 10 hivi au zaidi. Polipu ikionekana ndani ya muda huo na kukatwa kwa kolonoskopi (bomba lenye kamera linalopitishwa ndani ya utumbo), saratani ambayo ingetokana nayo haitokei. Ugumu uko kwenye kuiona. Kolonoskopi inahitaji maandalizi mazito na daktari aliyefunzwa, na watu wengi huikwepa. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo ni chepesi, lakini polipu nyingi hazivuji damu, hivyo hukosa zaidi ya nusu ya adenoma zilizokomaa.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia metabolaiti: molekuli ndogo zinazoelea kwenye damu, kama amino asidi, asidi za mafuta, asidi za nyongo na mazao ya kuchomwa kwa sukari. Uvimbe hubadili namna seli zinavyotumia glukosi na glutamini. Kinga ya mwili inayopambana nao huvunja triptofani kuwa kinurenini. Bakteria wa utumbo nao hubadilika, na mazao yao huingia kwenye mzunguko wa damu. Metabolaiti moja haitoshi kusema lolote, ila kadhaa zikisomwa pamoja huunda sura inayoweza kutofautisha makundi.

Mwongozo huu ni wa maabara inayotaka kufanya kazi hiyo kwa spektrometa ya tungamo iliyounganishwa na kromatografia ya kimiminika: kromatografia hutenganisha molekuli, na spektrometa huzitambua kwa tungamo lake. Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo hadi mwisho: tofauti utakayoiona kati ya mgonjwa na mzima lazima iwe imetoka kwenye utumbo. Isiwe imetoka kwenye sindano, friza, chakula cha jana usiku, au siku ambayo sampuli ilipita kwenye mashine. Mashine hupima kwa uaminifu chochote unachoipa, na makosa mengi hutokea kabla sampuli haijaifikia au baada ya namba kutoka.

Panga makundi kabla ya kutoa damu

Unahitaji makundi matatu: wenye saratani, wenye polipu, na wasio na kimoja. Kundi la tatu ndilo linaloharibiwa mara nyingi zaidi. Mtu asiye na dalili hajathibitika kuwa mzima, kwa sababu kati ya watu waliopita miaka 50 adenoma ni jambo la kawaida kabisa. Mshiriki wa kundi la wazima awe amefanyiwa kolonoskopi iliyofika hadi sikamu (mwanzo wa utumbo mpana), matumbo yakiwa yamesafishwa vizuri, na isionekane kitu.

Usiwaweke wenye polipu wote kapu moja. Andika aina (adenoma, yenye meno ya msumeno, au ya hiperplasia), ukubwa, idadi na mahali ilipo. Adenoma huhesabiwa kuwa imekomaa ikiwa na milimita 10 au zaidi, au ikiwa na sehemu zenye vidole vidogo, au ikiwa na displasia (seli zilizoharibika umbo) ya daraja la juu. Polipu ya hiperplasia ya milimita 3 kwenye puru haina hatari hiyo. Ukiichanganya na adenoma zilizokomaa, alama unayoitafuta inazama, kisha unahitimisha kwamba kipimo hakifanyi kazi.

Linganisha umri, jinsia, uzito kwa kimo, uvutaji wa sigara, kisukari na dawa. Metformini, dawa ya kisukari, peke yake hubadili metabolaiti kadhaa. Umri ndio mtego mkubwa: ikiwa wagonjwa wana wastani wa miaka 68 na wazima wana 45, utakuwa umetengeneza kipimo cha kubaini uzee.

Kosa linalojirudia katika kazi nyingi ni kuchukua damu za wagonjwa wodini na za wazima kwa wafanyakazi au wachangia damu. Vikundi hivyo hutofautiana kwa tyubu, saa ya kutoa damu, mlo, msongo wa mawazo na muda wa kukaa kwenye friza. Njia iliyo salama zaidi ni kumchukua kila anayekuja kwa kolonoskopi, kutoa damu kabla matokeo hayajajulikana, kisha kuwagawa kwa makundi baadaye kulingana na kilichoonekana.

Kutoa damu

Mshiriki afunge usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, akinywa maji tu. Damu itolewe asubuhi. Muda wa kufunga uandikwe kwa saa, maana 3-hidroksibutireti hupanda kadiri mtu anavyozidi kukaa bila kula, na ni mojawapo ya metabolaiti zinazotajwa sana kwenye saratani hii.

Dawa za kusafisha tumbo zinahitaji uangalifu wa pekee. Mlo wa vimiminika na kuharisha kwa kusudi hubadili damu. Toa damu kabla mshiriki hajaanza maandalizi, kwa mfano siku anapokuja kupewa maelekezo. Ikishindikana, basi wote watolewe wakiwa wamesafishwa kwa dawa ileile na muda uleule. Kisichokubalika ni wenye polipu kutolewa siku ya kolonoskopi, na wenye saratani kutolewa siku ya upasuaji bila maandalizi hayo.

Chagua plazma (kimiminika cha damu iliyozuiwa kuganda) au seramu (kimiminika kinachobaki damu ikishaganda) na usibadilishe katikati ya mradi. Kwa seramu, damu huachwa igande dakika 30 hadi 60 kwenye joto la chumba, na muda huo wote seli bado ziko hai: zinakula glukosi na kutoa lakteti. Damu ya plazma, ikiwa kwenye tyubu ya EDTA (kemikali inayozuia kuganda), inaweza kuwekwa kwenye barafu mara moja, kwa hiyo ndiyo tunayopendekeza pale unapoanza upya. Epuka tyubu zenye sitreti, kwani sitreti yenyewe ni metabolaiti utakayotaka kuipima. Epuka pia zenye jeli, kwa sababu hutoa kemikali zinazoonekana kwenye mashine. Nunua tyubu za toleo moja zitakazotosha mradi wote.

1. Funga mkanda wa mkono kwa chini ya dakika 1. Toa mililita 5.
2. Pindua tyubu taratibu mara 8 hadi 10. Usitikise.
3. Weka kwenye barafu iliyochanganywa na maji. Zungusha kwenye sentrifuji ndani ya dakika 30.
4. Zungusha kwa 2,000 g, dakika 10, nyuzi 4. Hesabu kwa g (mara ngapi ya nguvu ya mvutano wa dunia), kwa kuwa mizunguko kwa dakika hutegemea mashine: yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 inahitaji kama 4,230, na yenye sentimita 16 inahitaji kama 3,340.
5. Chukua plazma ya juu, ukiacha milimita 5 juu ya utando mweupe wa seli. Tamaa ya matone ya mwisho huleta chembe sahani na seli nyeupe ndani ya sampuli.
6. Gawa katika vichupa vya maikrolita 200 na uweke kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Vichupa vidogo vingi ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwani kila kuyeyusha na kugandisha upya kunaharibu.

Angalia rangi ya plazma kabla ya kuihifadhi. Ikiwa ya waridi au nyekundu, chembe nyekundu zimepasuka, na zinapopasuka hutoa kimeng'enya cha ajinesi kinachogeuza ajinini kuwa onithini. Glutameti na aspateti nazo hupanda. Msomaji wa namba asiyejua hilo ataona “badiliko la amino asidi katika saratani” pale ambapo sindano ilikuwa nyembamba mno au bomba lilivutwa kwa nguvu. Weka chati ya rangi ukutani, andika daraja la kila sampuli, na amua mapema daraja gani linatupwa.

Kutoa metabolaiti kwenye plazma

Lengo la hatua hii ni kuziondoa protini na kubakiza molekuli ndogo. Yeyusha plazma juu ya barafu. Kabla ya kuanza, chukua maikrolita 20 kutoka kila sampuli, changanya zote, kisha gawa mchanganyiko huo kwa maikrolita 50. Hii ndiyo sampuli yako ya udhibiti wa ubora, na bila hiyo huwezi kutetea matokeo yako mbele ya mtu yeyote. Sampuli 200 zitakupa mililita 4, yaani sehemu 80, ambazo zinatosha.

Pima maikrolita 50 za plazma kwenye kichupa. Ongeza maikrolita 200 za methanoli iliyopozwa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo tayari ina vipimo vya ndani: metabolaiti zilezile zilizotengenezwa kwa kaboni-13 au naitrojeni-15, kama tairosini na lakteti zenye kaboni-13. Hizi hupitia kila hatua pamoja na sampuli. Kilichopotea njiani kinapotea pia kwao, na uwiano unabaki palepale. Ziweke ndani ya methanoli yenyewe, usizidondoshe moja moja, ili kosa la pipeti lisiongezeke.

Tikisa kwa nguvu sekunde 30. Acha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri dakika 30. Zungusha kwa 14,000 g dakika 15, nyuzi 4. Chukua maikrolita 150 za juu bila kugusa donge jeupe. Ukiligusa, protini zitaziba kolamu (bomba jembamba linalotenganisha molekuli) baada ya sampuli chache kuingizwa, na shinikizo litakuambia kabla hujaona kitu kingine.

Kausha kwa ombwe bila joto, au joto lisizidi nyuzi 30. Sampuli iliyokaushwa isikae usiku kucha kwenye hewa, kwani methionini huoksidika. Irudishie kimiminika siku utakayoipima: maikrolita 100 za mchanganyiko wenye asetonitrili asilimia 60 hadi 70 na maji. Uwiano huu una sababu. Kolamu ya aina ya amidi inayoshika molekuli zinazopenda maji huhitaji sampuli iingie ikiwa na asetonitrili nyingi. Ukiyeyusha kwa maji matupu, vilele (miinuko ya ishara kwenye grafu ya mashine) hutanuka au hugawanyika viwili, na mtu hudhani kolamu imekufa.

Tengeneza pia sampuli tupu tatu: hatua zote zilezile, ila maji badala ya plazma. Chochote kitakachoonekana humo kimetoka kwenye vichupa, ncha za pipeti au kimiminika chako.

Kwenye mashine

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupiga picha ya kila kitu kwa mashine yenye uwezo mkubwa wa kutenganisha tungamo, kisha kutafuta majina baadaye. Ya pili ni kuchagua metabolaiti 100 hadi 200 mapema na kuzifuatilia kwa spektrometa ya kwadrupoli tatu, ambapo kila molekuli hufuatwa kwa jozi ya tungamo: ya mzazi (molekuli nzima) na ya kipande chake inapovunjwa. Kwa maabara inayolenga kipimo kitakachorudiwa mahali pengine, njia ya pili ndiyo sahihi. Ya kwanza ni nzuri kwa ugunduzi, lakini orodha ya vilele 3,000 visivyo na majina huzaa tofauti nyingi za bahati nasibu kuliko unavyoweza kuzichuja.

Mpangilio unaofaa kuanzia: kolamu ya amidi ya milimita 2.1 kwa 150, joto la nyuzi 40, mwendo wa mililita 0.3 kwa dakika. Kimiminika cha kwanza kiwe maji asilimia 90 na asetonitrili 10, cha pili kinyume chake, vyote vikiwa na amonia asetati ya milimola 5 kwa lita na asidi asetiki kidogo. Anza na asetonitrili nyingi, shuka polepole, kisha rudi na uipe kolamu dakika za kutosha kutulia. Kolamu za aina hii hutulia polepole. Ukipunguza dakika hizo ili kuharakisha kazi, metabolaiti zitaanza kutoka kwenye kolamu kwa wakati tofauti kila sampuli inapoingizwa.

Kwa kila metabolaiti fuata jozi mbili, moja ya kupimia na moja ya kuthibitishia. Kwa mfano, triptofani hufuatwa kutoka 205 kwenda 188 na 205 kwenda 146, na kinurenini kutoka 209 kwenda 192 na 209 kwenda 94, zote kwa chaji chanya. Uwiano wa jozi hizo mbili ukihama, kuna kitu kingine kimejificha chini ya kilele. Hakikisha kila kilele kina nukta 12 au zaidi za kipimo. Zikipungua, eneo lake litayumba.

Mitego mitatu inawakamata hata wazoefu:

- Lyusini na isolyusini zina tungamo moja na kipande kimoja, 132 kwenda 86. Kolamu ndiyo itakayozitenganisha. Isipofanya hivyo, ripoti jumla yake.
- 2-hidroksibutireti na 3-hidroksibutireti zote zina 103 kwa chaji hasi. Ya kwanza huhusishwa na msongo wa oksidi na ukinzani wa insulini, ya pili na kufunga. Kuzichanganya ni kuchanganya maana mbili zisizokutana.
- Glutamini hupoteza amonia ndani ya chanzo cha mashine (sehemu inayozipa molekuli chaji) na kuonekana kama piroglutameti. Maleti nayo hupoteza maji na kuonekana kama fumareti. Linganisha wakati wa kutoka kwenye kolamu: kilele cha bandia hutoka wakati uleule na mzazi wake.

Anza kila zamu kwa sampuli tupu, kisha ingiza sampuli za udhibiti 8 mfululizo ili kolamu izoee plazma. Namba za hizo 8 usizitumie. Baada ya hapo, sampuli ya udhibiti baada ya kila sampuli 10. Panga sampuli za watu kwa bahati nasibu, huku kila zamu ikiwa na uwiano ule ule wa makundi matatu. Kupima wazima Jumatatu na wagonjwa Jumatano ni kosa ambalo hesabu yoyote haiwezi kulisahihisha baadaye.

Kusafisha namba

Gawa eneo la kila kilele kwa eneo la kipimo chake cha ndani. Chora sampuli za udhibiti kwa mpangilio wa kuingia. Zikishuka au kupanda taratibu, rekebisha kwa mkunjo unaopita kwenye sampuli hizo. Zikiruka ghafla katikati, simama utafute sababu: chanzo kichafu, kimiminika kipya, au hewa kwenye pampu.

Toa metabolaiti yoyote ambayo mtawanyiko wake kwenye sampuli za udhibiti unazidi asilimia 20, au ambayo sampuli tupu ina zaidi ya asilimia 20 ya kiasi chake. Toa pia zile zinazokosekana kwenye zaidi ya asilimia 20 ya watu. Mapengo machache yajaze kwa nusu ya kiwango kidogo kabisa kilichopimwa. Badilisha namba zote kwa logi (logarithimu).

Chora mchoro wa vijenzi vikuu, unaoweka kila sampuli kama nukta moja, zinazofanana zikikaa karibu. Sampuli za udhibiti zikusanyike pamoja katikati kama mbegu ndani ya tunda. Zikitawanyika kama sampuli za watu, rudi maabara. Hakuna biolojia ya kusoma hapo. Kisha paka rangi kwa zamu, kwa toleo la tyubu na kwa daraja la wekundu. Rangi zikijitenga, umepata chanzo cha tofauti yako, na chanzo hicho si utumbo.

Kujenga kanuni ya kutofautisha

Jaribu kila metabolaiti kwa kurekebisha umri, jinsia na uzito, halafu dhibiti ugunduzi wa uongo kwa njia ya kitakwimu ya Benjamini na Hochberg. Ukijaribu metabolaiti 150 kwa kizingiti cha 0.05 bila udhibiti, kwa bahati tu utapata 7 au 8 “zenye maana”.

Kisha jenga kanuni ya metabolaiti 5 hadi 15. Uchaguzi wa metabolaiti lazima ufanyike ndani ya kila mzunguko wa uthibitishaji, yaani kila mara sampuli zinapogawanywa za kufundishia na za kupimia. Watu wengi huchagua metabolaiti bora kwa kutumia sampuli zote, ndipo wanagawanya za kufundishia na za kupimia. Kwa njia hiyo jibu limeshavuja, na matokeo ya asilimia 95 hayatarudi kamwe. Jaribio rahisi la kujikagua: changanya majina ya makundi ovyo mara 1,000 na ujenge kanuni upya kila mara. Ikiwa kanuni bado “inafanya kazi” kwenye majina yaliyochanganywa, inakariri.

Mwisho funga kila kitu, yaani metabolaiti, uzito wa kila moja kwenye kanuni na kizingiti, kisha pima watu wapya kutoka kituo kingine. Kabla ya hapo una dhana, bado huna kipimo.

Kusoma matokeo kama daktari atakavyoyasoma

Unyeti ni sehemu ya wagonjwa wanaoonekana. Umahususi ni sehemu ya wazima wanaopita salama. Katika utafiti wenye nusu wagonjwa na nusu wazima, unyeti wa 90% na umahususi wa 80% hupendeza. Peleka kipimo hicho kwa watu 10,000 ambao kati yao 50 wana saratani. Kitawaona 45. Kitawatisha pia wazima 1,990. Kati ya wanaoambiwa “una alama”, wenye saratani kweli ni kama 2 katika kila 100. Umahususi ukipanda hadi 95%, wanaotishwa bure hushuka hadi kama 498, na wenye saratani huwa kama 8 katika kila 100. Kwa sababu hiyo, kwa uchunguzi wa watu wasio na dalili, weka umahususi kwanza ndipo uripoti unyeti uliobaki.

Polipu ni ngumu zaidi, na ni haki kulisema hilo wazi. Adenoma ni ndogo, haijavunja ukuta wa utumbo, na mwili haujaishughulikia sana. Kipimo cha damu cha Shield kilichoidhinishwa Marekani Julai 2024, kinachosoma vipande vya DNA badala ya metabolaiti, kiliona 83% ya saratani lakini 13% tu ya adenoma zilizokomaa. Pengo hilo ndilo sababu ya kuendelea na metabolaiti, kwa kuwa zinaweza kubeba alama ya mazingira ya utumbo na bakteria wake hata kabla seli za uvimbe hazijamwaga DNA ya kutosha. Ripoti yako itenganishe adenoma zilizokomaa na ndogo. Namba moja ya “polipu” inaficha kushindwa pale panapohitaji kuonekana.

Kumbuka pia kwamba kinurenini hupanda katika inflamesheni yoyote (mwako wa tishu za mwili) na katika maambukizi, TMAO (trimethilamini N-oksidi, metabolaiti nyingine ya damu) hupanda baada ya kula samaki wa baharini, na lakteti baada ya kupanda ngazi. Ongeza kundi la nne la watu wenye kolitisi (inflamesheni ya utumbo mpana) na saratani nyingine. Kanuni ikiwaita wote “saratani ya utumbo”, imejifunza ugonjwa kwa ujumla.

Ukifika mahali pa kumpa mtu jibu, karatasi iseme mambo matatu. Jibu chanya linahitaji kolonoskopi, wala lisirudiwe kwa damu nyingine ili kulifuta. Jibu hasi halimwondolei kolonoskopi mtu mwenye damu kwenye choo, mabadiliko ya choo yasiyoisha, kupungua uzito bila sababu, au upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma. Na sampuli iliyokuwa nyekundu, iliyochelewa kuzungushwa, au ya mtu ambaye hakufunga, iandikwe “haikusomeka” na itolewe upya.